Maulizo ya Asubuhi kwa Mama Ngalula

Kiangazi kilichopita nilikutana na Espérance sokoni Likasi. Nilikuwa nimeinama nachagua nyanya, nikasikia mkono begani, na kabla sijageuka vizuri sauti ikaniuliza, bila salamu, bila hata kutaja jina langu: "Leo uko na ulizo gani?" Waliokuwa karibu walitutazama kama watu wa dhehebu jipya. Nilianza kucheka, kisha nikaona siwezi kuziona nyanya vizuri kwa machozi. Hatukuwa tumeonana tangu tukiwa wasichana. Yeye sasa ana mjukuu, mimi nina miwani, na kila mmoja ana goti lake linalomsumbua. Lakini nilimjibu palepale, maana kweli nilikuwa na swali, nililibeba tangu asubuhi, na tukasimama kati ya mafungu ya nyanya na mihogo tukilizungumza mpaka mwenye meza akatuomba tusogee tuwapishe wanunuzi.

Njiani kurudi nyumbani niliwaza jambo ambalo limenishangaza kwa miaka mingi. Nimejaribu mipango mingi ya kukua katika imani. Nimefunga pamoja na kina mama wa kanisa. Nimepewa ratiba ya kusoma Biblia nzima kwa mwaka, nikaishia jangwani pamoja na Waisraeli. Juzijuzi binti yangu ameniwekea kwenye simu kitu kinacholia alfajiri na kuniletea mstari wa siku. Huwa nakizima nikiwa bado nimefumba macho. Katika yote hayo ni tabia moja tu iliyonishika ikabaki, nayo niliipata bila kuitafuta, mwaka niliokaa Kolwezi kujifunza kushona. Kwa nini ile na si nyingine? Sijui vizuri hadi leo, na labda nikiandika nitajua.

Habari za kwetu na jinsi nilivyofika Kolwezi nitaziacha. Nilikuwa na umri wa miaka ishirini hivi, na Mama Ngalula alinipokea nilale kwake na nijifunze kwake. Atelye yake, yaani chumba cha kushonea, ilikuwa sebule ya nyumba yake: mashine tatu za kukanyaga kwa mguu zikiwa zimepangwa chini ya dirisha, meza ndefu ya kukatia vitambaa, benchi moja karibu na mlango kwa ajili ya wateja, na upande wa ndani pazia la maua lililotenga sebule na ujia wa kwenda jikoni. Dirisha lilielekea barabara. Malori ya madini yakipita, vumbi jekundu liliingia hata kama tumefunga, na kitambaa cheupe tulikishona kikiwa kimefunikwa shuka, tukifunua kipande kidogo kidogo tunachokishughulikia. Mama Ngalula alikuwa mwanamke mnene, mwenye vidole vyembamba ambavyo havikufanana na mwili wake. Wazazi wake waliletwa kutoka Kasai kwa kazi ya migodi, yeye akazaliwa palepale Kolwezi. Alituongoza kwa Kiswahili, akikasirika alihamia Kitshiluba, na Espérance, mwanafunzi aliyenitangulia, aliniambia mapema, "Ukisikia Kitshiluba, shika mufagio."

Asubuhi yangu ya kwanza niliketi kwenye mashine nikiwa tayari kuanza. Mama Ngalula alichukua mkebe wa mafuta wenye mdomo mrefu, akadondoshea kila tundu la kila mashine, taratibu, kisha akaketi akakunja mikono. Nikauliza tunangoja nini. "Mafuta inashuka," akasema. "Ukikanyaga sasa hivi, itaruka ku kitambaa ya mutu. Basi tuko tunangoja. Na kama tunangoja, tusome." Espérance akafungua Biblia mahali palipokuwa na utepe, akasoma kipande kifupi, akafunga. Sasa nilitarajia mahubiri. Nilikuwa nimezoea kwamba mtu akisoma, mwingine anaeleza, na wengine wanaitikia. Lakini Mama Ngalula alimgeukia Espérance tu na kumuuliza, "Ulizo yako?" Espérance akauliza jambo kuhusu maneno aliyosoma. Kisha wakanigeukia mimi.

Kipande kilikuwa kile cha mgonjwa wa kupooza ambaye wenzake walimpandisha juu ya nyumba, wakatoboa dari, wakamshusha mbele ya Yesu. Nilikuwa nimekisikia tangu utoto na sikuwahi kujiuliza lolote. Nikasema lililonijia mdomoni, kwa aibu: "Nataka kujua, ile dari, kisha bote kurudi kwabo, ni nani aliitengeneza?" Espérance alicheka hadi akashika tumbo. Mama Ngalula hakucheka. Alinitazama kama mtu anayepima kitambaa kwa macho. "Ni ulizo," akasema. "Shinda nayo. Tutajibu kesho." Nikamuuliza kwa nini si leo. "Ukijibu leo, utasahau mbele ya chakula ya saa sita. Tembea nayo kwanza." Kisha akafumba macho, akasema sala fupi kama mtu anayemwomba jirani chumvi, na mashine zikaanza.

Sijui kama mtu anaweza kuelewa kilichonipata siku ile. Nilikunja pindo za magauni huku nikiijenga upya dari ya watu. Nilimwona mwenye nyumba, vumbi kwenye sahani zake, mke wake akitazama juu. Nilijiuliza kama alikasirika, au kama alifurahi, au kama alifanya yote mawili. Kesho yake niliamka nikiwa na haraka ya kufika sebuleni, mimi niliyekuwa napenda usingizi kuliko kitu chochote. Espérance alijibu kwamba wale marafiki ndio walirudi kutengeneza, maana watu wenye upendo wa namna ile hawawezi kuacha tundu. Tata Kabeya, mume wa Mama Ngalula, alikuwa anapita kwenda kazini kiwandani, sanduku la chakula mkononi. Akasimama mlangoni, akasema, "Mwenye nyumba. Siku zote ni mwenye nyumba njo anatengeneza," yaani ndiye atengenezaye, akaenda zake. Kwa kawaida hakuketi nasi. Alikuwa mtu wa kanisa la Jumapili, mwenye suti iliyopigwa pasi, na aliona mambo yetu ya asubuhi kama michezo ya wanawake wanaongoja mafuta.

Aliyeketi nasi mara nyingi bila kualikwa alikuwa Trésor. Alikuwa kijana mchimbaji, mmoja wa wale waliokuja kutoka pande zote za nchi kuchimba shaba na kobalti kwa mikono, na rafiki mkubwa wa Ilunga, mtoto wa nyumba ile. Ilunga alikuwa ameacha masomo ya ufundi ambayo baba yake alimpatia, akaenda kuchimba kwenye vilima vya mbele ya mgodi wa Mutoshi, na jambo hilo lilikaa katikati ya baba na mtoto kama mgeni asiyetaka kuondoka. Wote wawili walilala kwetu siku wasizolala kule, na asubuhi walipita atelye kabla ya kwenda kazini. Ilunga hakuwahi kuketi. Alisimama ujiani, nyuma ya pazia, akila mkate wake, na mimi niliona miguu yake chini ya maua. Trésor yeye alikuja moja kwa moja kwenye benchi, akiwa na suruali iliyotoboka magotini, kwa maana kule chini walitembea kwa magoti. Ile habari ya dari ilimpendeza sana. "Mi nauliza kamba," alisema. "Kushusha mutu mukubwa, amelala, bila ainame upande moja! Bale batu balikuwa bachimbaji, hakuna ingine." Tulicheka sote, na nikasikia kicheko kingine nyuma ya pazia.

Nikitazama nyuma naona kwamba mwaka ule nilikuwa na njaa ya kujua watu wengine wanafanyaje wanapokuwa peke yao na Mungu. Espérance alisali kwa magoti kabla ya kulala, muda mrefu, midomo ikicheza, na mimi kutoka kitandani kwangu nilimchungulia. Nikaamua kumuiga. Siku ya kwanza miguu ilikufa ganzi. Siku ya pili nililala nikiwa nimepiga magoti, kichwa kwenye godoro, na Espérance akaniamsha asubuhi nikiwa na alama za blanketi usoni. Nilipomweleza Mama Ngalula, alikuwa anakaanga mikate ya mafuta jikoni, akageuza mkate mmoja, akageuza mwingine, ndipo akanijibu. "Ile sala ni ya Espérance. Weye uko mutu ya kuuliza. Basi umuulize Mungu, kama unatuulizaka siye." Nikamwambia nataka kuwa na saa yangu maalumu, niamke alfajiri kama watakatifu. "Mutu anasema ataamuka bado giza asali," akasema. "Ataamuka mara mbili, ya tatu atakuwa na homa. Weye tafuta fasi kwenye unangojaka tayari. Maji kuchemuka. Pasi kupata moto. Kila siku unangoja. Mutie Mungu pale." Nimesikia mahubiri mengi juu ya nidhamu ya kiroho tangu wakati ule, mengine mazuri sana, lakini hakuna aliyenifanyia jambo hili kuwa jepesi kama mwanamke yule mwenye unga hadi kwenye viwiko.

Kulikuwa na jambo moja nililoshindwa kulielewa. Sote tuliuliza, Trésor aliuliza, mteja aliyefika mapema aliuliza, lakini Mama Ngalula mwenyewe hakuuliza hata siku moja. Alipokea maulizo yetu, akayaweka mahali fulani ndani yake, kesho yake akayatoa yakiwa hayajapungua neno. Siku moja nilithubutu. "Mama, na yako?" Alikuwa anaingiza uzi kwenye sindano. "Yangu itakuya," akasema, na sindano akaikosa, akaikosa tena, ikabidi nimsaidie.

Mvua zilipoanza, Tata Kabeya alimkataza Ilunga kwenda kuchimba, maana udongo ukinywa maji haushiki. Ilunga alisema wenzake wote wanakwenda. Asubuhi moja tulikuwa na gauni la arusi mezani, limefunuliwa kwa sababu mvua ilikuwa imelaza vumbi, na mtu wa baiskeli akasimama nje akaita jina la Mama Ngalula. Sikusikia alichosema. Nilimwona Mama ameweka mkasi chini, polepole, kama kitu kinachoweza kuvunjika, akatoka na nguo za nyumbani akiwa peku. Espérance akamfuata na viatu. Mimi nilibaki, kwa sababu jiko lilikuwa na moto, na sijawahi kuona nyumba iliyo kimya namna ile. Alasiri walirudi. Ilunga alitembea katikati ya mama yake na Espérance, udongo masikioni, udongo kwenye kope, mzima. Shimo lilikuwa limeanguka. Ilunga alikuwa karibu na mdomo wa shimo, wakamvuta. Trésor alikuwa ndani zaidi, wakamtoa baadaye.

Hakuwa na ndugu hata mmoja Kolwezi. Wachimbaji wenzake na watu wa kanisa la Mama Ngalula ndio waliomzika. Suruali yake ya pili ilikuwa kwetu, tumeitia viraka vipya magotini, na Mama Ngalula aliipiga pasi mwenyewe, akaivuta mikunjo ikasimama wima kama ya suruali ya bwana arusi. Alizikwa nayo. Kwenye msalaba fundi alipouliza aandike nini, watu walitazamana, na Ilunga hakuwa anasema na mtu, basi wakaandika "Trésor" peke yake, na chini yake nafasi kubwa ikabaki tupu.

Siku chache baadaye, mezani, Tata Kabeya alianza habari ya shukrani. Nakumbuka chakula: bukari, yaani ugali, sombe ya majani ya mihogo, na makayabu iliyokaangwa na nyanya, samaki wa chumvi ambaye Ilunga alimpenda tangu mdogo na siku ile hakumgusa. Mimi na Espérance tulikula jikoni, na pazia lilikuwa limefungwa nusu, kwa hiyo kila neno lilitufikia. Tata Kabeya alisema Jumapili itakayokuja watasimama mbele ya kanisa lote, familia nzima katika kitambaa cha namna moja, washukuru. Alikuwa na furaha ya mtu aliyeogopa sana. Wakati wote wa kungoja siku ile ya shimo, niliambiwa baadaye, alikuwa amechimba kwa mikono yake mwenyewe pamoja na vijana, akiwa na sare yake ya kiwandani.

"Mungu alitoa mutoto yetu," alisema. "Tusinyamaze, ni haki yake."

Ndipo Ilunga akafungua kinywa. Hakupaza sauti. "Tata, mukienda kusema Mungu njo alinitoa, museme tena ni nani aliacha Trésor."

"Usiseme vile mu nyumba yangu."

"Basi nisiseme."

Kiti kilisogezwa. Miguu yake ikapita ujiani. Tangu pale Ilunga hakusema tena na mtu yeyote, na habari ya shukrani ikaachwa ikining'inia, kitambaa kikiwa kimenunuliwa, hakuna aliyethubutu kukikata.

Jumatatu Mama Ngalula alitia mafuta kwenye mashine, kisha, bila kungoja, akaanza kukanyaga. Matone yaliruka kwenye kitambaa, akayafunika kwa kiganja akaendelea. Espérance alinitazama. Biblia ilibaki kwenye rafu yake. Kesho yake vilevile, na wiki iliyofuata vilevile. Mchana mmoja nilipeleka nguo chumbani kwao, na kabla sijabisha nilimsikia akimwambia mumewe, "Nikifungua kinywa asubuhi, ile maneno ya mutoto njo itatoka. Na mi sitaki itoke mbele ya hawa batoto ya batu." Nikarudi na nguo zangu.

Hapa ndipo pananishangaza. Nilidhani kwamba tabia ile ilikuwa ya Mama Ngalula, na yeye akiacha itakwisha. Kumbe nilipokuwa nakunja pindo, maulizo yalikuja yenyewe. Maji yakichemka, nilijikuta namwuliza Mungu jambo. Mengine yalikuwa ya hasira. Mengine yalikuwa ya Ilunga, nilikuwa nimeyachukua bila yeye kunipa. Sikuwa na imani kubwa kuliko siku nilipofika. Nilikuwa tu siwezi tena kungoja bila kuuliza. Asubuhi moja, mafuta yalipotiwa na Mama akaanza kukanyaga, niliinuka nikachukua Biblia. Haikuwa nyumba yangu wala haikuwa kazi ya mwanafunzi. Nikafungua penye utepe, nikasoma kwa sauti juu ya kelele za mashine.

Ningependa kusema nilikuta neno la faraja. Nilikuta orodha ya majina. Ilikuwa habari ya watu waliojenga tena ukuta wa mji wao, fulani mwana wa fulani na kipande chake, na baada yake fulani mwana wa fulani na kipande chake, majina ambayo ulimi wangu uliyakwaa moja baada ya jingine. Nilisoma mpaka mwisho wa kipande nikiwa natoka jasho. Mama Ngalula aliendelea kukanyaga. Espérance, ambaye aliogopa kuliko mimi, akasema kwa sauti ndogo, "Ulizo yangu: juu ya nini baliandika majina yote hii? Ukuta yenyewe ilianguka zamani." Nami nikasema, "Na bale benye balibebaka maji ya kunywa, majina yabo iko wapi?" Tukafanya sala fupi, tukaanza kazi. Kesho yake tuliendelea na orodha, maana ilikuwa ndefu, na kesho kutwa. Mama alikanyaga. Chini ya pazia, asubuhi moja, niliiona miguu ya Ilunga.

Halafu ikaja siku ambayo, nikiwa katikati ya jina gumu, mashine ya Mama ilinyamaza. Nilisoma mpaka mwisho. Espérance akauliza la kwake, mimi la kwangu. Mama Ngalula alikuwa ameweka mikono juu ya kitambaa, vile vidole vyembamba vimetulia, naye akitazama barabarani.

"Na mi niko na ulizo," akasema. "Trésor, jina yake yote ilikuwa nani?"

Tulitazamana mimi na Espérance. Alikula kwetu, alicheka kwetu, tulijua jinsi magoti ya suruali yake yalivyochakaa, lile la kulia kuliko la kushoto. Hatukujua.

"Amuri," ikasema sauti nyuma ya pazia. Ilunga akaingia. Alikuwa amekonda, na sauti ilikuwa na kutu kwa kukaa bila kutumika. "Trésor Amuri. Mama yake ni Mama Feza. Kwabo ni Kindu, ng'ambo ya mto. Yeye njo mutoto ya kwanza." Akaketi kwenye benchi, mahali pa rafiki yake, akafunika uso kwa mikono, na mama yake akainuka akaenda kuketi kando yake. Alimshika shingo kwa nyuma kama unavyomshika mtoto mwenye homa. Sisi wawili tulikwenda jikoni, tukasimama pale tukiwa hatuna la kufanya.

Jioni Tata Kabeya aliporudi kutoka kazini aliambiwa jina lile. Kesho yake, siku yake ya kupumzika, alitoka na mkebe wa rangi na brashi, akarudi na rangi nyeupe kwenye kucha, na baadaye tulipokwenda makaburini nafasi ile tupu ya msalaba ilikuwa imejazwa, herufi zimesimama sawasawa kama zimepigwa rula. Ni yeye pia aliyezungumza na watu wa reli, na ujumbe ukapita kituo hadi kituo kuelekea kaskazini. Mama Feza alikuwa amesikia kwamba mtoto amekufa, lakini hakuna aliyemwambia ni wapi wala amezikwa na nani. Akatuma jibu kwamba anakuja.

Treni ya kutoka Kindu haikuwa na siku maalumu. Tulikwenda kumngojea Tenke, pale njia ya Kolwezi inapoachana na ya Likasi, mimi, Mama Ngalula na Ilunga, tukakaa kwa mwanamke mmoja karibu na kituo aliyetulisha viazi vitamu na karanga. Ilunga hakulala vizuri. Treni ilipofika, alishuka mwanamke mdogo wa mwili, kichwani beseni la samaki wa kukaushwa lililofungwa kwa kitenge, zawadi kwa wale waliomzika mtoto wake. Alimpita Mama Ngalula, akanipita mimi, akasimama mbele ya Ilunga. "Njo weye Ilunga," akasema. "Alikuwa anatumaka habari yako." Ilunga alitaka kupiga magoti na yeye akamzuia, akampa beseni alishike, ili mikono yake iwe na kazi.

Asubuhi ya kwanza kwetu aliketi kwenye benchi. Mafuta yakatiwa. Mama Ngalula akamweleza desturi yetu, akasema mgeni halazimiki. Nikasoma. Tulipouliza yetu, Mama Feza alivuta na kuvuta ncha ya kitenge chake, kisha akamgeukia Ilunga, aliyekuwa ameketi nasi, si nyuma ya pazia tena.

"Kule chini, alikuwa anasali?"

Niliona Mama Ngalula amefumba macho. Ilikuwa rahisi kusema ndiyo. Mtu yeyote mwenye huruma angesema ndiyo.

"Sijui kama ni kusali, Mama," Ilunga akasema. "Kila siku tukishuka, alitupatia ulizo ya hapa. Ile balisoma asubuhi. Bote tulikuwa tunaitafuta jibu, hata bale hawana kanisa. Tukipanda, anatucheka. Anasema tutajibu kesho."

Mama Feza aliitikia kwa kichwa taratibu. Mimi nilikuwa sijui. Mwaka mzima nilidhani maneno yetu yanaishia mlangoni. "Basi alikuwa anasali," akasema Mama Feza hatimaye, si kwa kumjibu mtu.

Alikaa nasi majuma kadhaa. Kabla ya Jumapili yake ya mwisho kwetu, Tata Kabeya alisema sasa ni wakati wa shukrani, na Ilunga hakukataa. Tulikishona kile kitambaa kilichokuwa kimengoja, nguo moja zaidi kwa ajili ya Mama Feza. Kanisani palikuwa na ngoma, na watu walitarajia hotuba, maana Tata Kabeya alijulikana kwa hotuba. Alisimama mbele, suti imenyooka, mtoto wake upande mmoja na Mama Feza upande mwingine, Mama Ngalula nyuma yao. Alitoa karatasi mfukoni, akaitazama, akairudisha. Midomo yake ilicheza kabla sauti haijatoka.

"Mungu," alisema, "juu ya Ilunga nakushukuru. Juu ya Trésor Amuri, nakuuliza."

Akaketi. Wapiga ngoma hawakujua kama waanze. Mchungaji alitazama sakafu. Wa kwanza kusema amina alikuwa Mama Feza.